Wifi Yangu Sumaku, Mpima Nondo

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha kazi zenu mkaja kukaa nasi, kikao cha familia kimenipa mimi karatasi hii niisome, ingawa wapo watoto wa marehemu waliosoma kunishinda, na yupo kaka yangu, mume wake, ambaye sauti imemkauka tangu Jumamosi, na sababu waliyonipa ni kwamba nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote na sijui kusoma kwa kunong'ona. Mimi ni wifi yake, na wenye mawifi mnajua kwamba wifi hasifii bure, kwa hiyo mtakaposikia namsifu mjue nimeshamchunguza vya kutosha, na mtakaposikia nasema jambo lisilopendeza kusemwa mbele ya jeneza, mjue mwenyewe aliagiza lisomwe, kwani alimwambia kifungua mimba wake kuwa kama historia yake itaruka jambo hilo, basi wasimsomee kabisa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, katika nyumba za wafanyakazi wa barabara nyuma ya karakana, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee aliyekuwa dereva wa greda na mama aliyekuwa mkunga wa zahanati. Jina la Sumaku, ambalo wengi wenu mnadhani alipewa na wahandisi wenzake, alilipata kabla hajaanza shule, kwa sababu baba yake alimpa sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, naye akawa anaiburura kwa kamba kwenye uwanja wa karakana, ikirudi na misumari, vipande vya waya na vichwa vya parafujo, hata madereva waliochoka kuziba pancha wakawa wanamwita kwa jina hilo, na mwishowe mama mzazi naye akashindwa kuliacha.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1973, na huko alifeli hesabu, naam, mhandisi wetu alifeli hesabu, akarudia mwaka mzima na mabinti waliokuwa wadogo zake, jambo ambalo hakulificha hata siku moja, bali kila mtoto wa ukoo huu aliyekuja na ripoti mbaya alisimuliwa kisa hicho mpaka kikamchosha kuliko adhabu. Mwaka 1980 alijiunga na chuo kikuu kusomea uhandisi wa ujenzi, akahitimu mwaka 1984, na tarehe 2 Julai mwaka huohuo akaajiriwa katika maabara ya vifaa vya ujenzi, kwenye chumba cha chini chenye mashine ya kuvunjia matofali ya zege, mahali ambapo vumbi lilikuwa limetanda mpaka kwenye vikombe vya chai, na ambapo alikaa miaka thelathini na mitano.

Mwaka 1986 ofisi ilimpeleka kusomea upimaji wa nondo kwa sumaku, na kwa kuwa wengi wenu mlimwona na kile kifaa chake chenye magurudumu madogo akikisukuma ukutani, mkadhani labda anatafuta waya wa umeme, naomba nieleze kwa kifupi, kama alivyonieleza mimi nisiyejua kitu. Chuma kilicho ndani ya zege huliwa na kutu pole pole, na zege kwa nje linabaki zuri, limepakwa rangi, watu wanapiga picha mbele yake, lakini ukiipa nondo nguvu ya sumaku, nguvu hiyo hupita ndani ya chuma kizima bila kutoka, na ikifika mahali palipoliwa au kukatika huvuja nje, kifaa kikainasa, na sindano yake ikaruka. Sindano ikitulia, chuma ni kizima, au basi zege au plasta iliyo juu yake ni nene mno kiasi kwamba nguvu haifiki kabisa, na utulivu wa namna hii ya pili unafanana na ule wa kwanza hata mjuzi hawezi kuutofautisha kwa macho. Ndiyo maana aliwafundisha vijana wote waliopita mikononi mwake kwamba sindano ikitulia, chukua nyundo na tindo, toboa tundu moja tu, uione nondo kwa macho yako, kisha ndipo uandike kwamba ni salama, na yeyote aliyeandika bila kutoboa alirudishwa kazini siku hiyohiyo, jua liwake mvua inyeshe.

Kuhusu ndoa, sumaku hiyohiyo ndiyo iliyotuletea mke, kwani kaka yangu ni fundi saa, na marehemu alikuwa na saa ya mkono ya kujaza kwa ufunguo ambayo kila ikitengenezwa ilikwenda wiki moja ikasimama, naye akairudisha, ikatengenezwa, ikasimama tena, mpaka sisi nyumbani tukaanza kumtania kaka kwamba yule dada hana shida ya saa. Kaka naye alijitia hamnazo, akavaa shati la kupiga pasi dukani kila Jumamosi, na ilikuwa ni baada ya miezi mingi ndipo alipomwuliza anafanya kazi gani, akaambiwa ni kazi ya sumaku, akashika kichwa, kwa maana hakuna kitu kinachosimamisha saa kama sumaku, na yeye fundi mzima alikuwa hajauliza. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1988, kwa sharti la maneno kwamba kile kifaa kisivuke kizingiti cha duka, na sharti hilo liliheshimiwa mpaka mwisho.

Siku aliyoletwa kwetu kutambulishwa, kabla hata hajapewa maji, aliinua macho akaitazama linta, ile boriti ya zege juu ya mlango wa sebuleni, akamwambia mama yetu kwa heshima zote kwamba chuma cha pale kimekwisha na wasilaze mtoto karibu na mlango, na mama yetu, ambaye hakuwa na dogo, alikunja uso mpaka wageni wakaondoka, akasema amepewa mkamwana wa kukagua nyumba za watu. Linta ile ilibadilishwa kimyakimya mwaka uliofuata, wala hakuna aliyeambiwa kwa nini. Mungu aliwajalia watoto wawili, kifungua mimba ambaye ni binti, aliyezaliwa Mei 1990 na sasa ni mwalimu wa hesabu, na kitinda mimba wa kiume, aliyezaliwa Agosti 1994 na sasa anakaa meza moja na baba yake akitengeneza saa, na marehemu ameacha wajukuu watatu, ambao wote, sijui kwa nini, wana tabia ya kugongagonga kuta.

Sasa nafika pale alipoagiza pasirukwe.

Mwezi wa Aprili 2014 marehemu aliitwa kupima jengo la shule lenye ghorofa moja, ambalo lilikuwa na roshani ndefu mbele ya madarasa ya juu, na roshani hiyo ilikuwa imetoka kuwekwa vigae vipya vya rangi ya maziwa, vilivyonunuliwa kwa michango ya wazazi, na mwalimu mkuu alivifurahia hivi kwamba aliwavulisha viatu wapimaji wakapita na soksi. Marehemu alisukuma kifaa chake juu ya vigae hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho, na sindano ikatulia, akafika mahali pa kuchukua tindo, akamtazama mwalimu mkuu aliyesimama pembeni ameshika viatu vyake mkononi, akavihurumia vile vigae, akaandika kwamba roshani ni salama. Chini ya vigae kulikuwa na tabaka la udongo wa saruji nene kuliko upana wa kiganja, na chini yake nondo zilikuwa zimekwisha, na yeye, aliyewafundisha wenzake wote kutoboa, siku hiyo hakutoboa.

Jumanne tarehe 6 Oktoba 2015, asubuhi, roshani ile ilianguka. Wanafunzi walikuwa darasani, na hiyo ndiyo rehema pekee ninayoweza kuitaja, lakini mpishi wa shule alikuwa chini yake ameinama anasugua masufuria, mama wa miaka thelathini na nane, ambaye watoto walimpenda kwa sababu hakuwa na mkono wa birika, naye alifia palepale, na ilichukua mpaka jioni kumtoa. Marehemu alikwenda, akasimama nyuma ya kamba ya polisi, na alipoona zege limegeuka juu chini, nondo zimetokeza nje nyembamba na nyekundu, nyingine zikimeguka kwa vidole vya waokoaji, alikaa chini kwenye vumbi na hakuinuka mpaka kaka yangu alipokwenda kumchukua.

Iliundwa tume, ikakaa, ikaita mashahidi, na mwishowe ikasema lawama ni ya mkandarasi wa zamani aliyechanganya zege kwa mchanga wenye chumvi, na kwamba mhandisi aliyepima hana kosa, kwa kuwa kifaa chake kina mipaka inayojulikana. Sisi wa nyumbani tulishusha pumzi, tukampikia, tukamwambia yamekwisha, naye akatutazama kama watu tunaozungumza naye kupitia dirisha la basi, kisha asubuhi yake akaenda mwenyewe, bila wakili na bila mume, mpaka kwenye banda la mume wa yule mpishi, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, akasimama mbele yake akamweleza yote, utulivu wa sindano, viatu vya mwalimu mkuu, na kigae kimoja ambacho kama angekivunja mke wake angekuwa hai. Fundi yule alizima mashine yake, akavua miwani, akamwambia maneno ambayo marehemu aliyarudia kwetu mpaka tukayajua kwa moyo:

"Sikusamehe, mhandisi. Ila niambie, kwingine ulikohurumia ni wapi?"

Marehemu hakuwa amejiuliza swali hilo. Alirudi nyumbani, akakaa jikoni hajavua koti, na moja baada ya jingine majengo yakaanza kumjia kichwani, mahali ambapo mgonjwa alikuwa amelala, au bibi harusi alikuwa anapita, au rangi ilikuwa bado mbichi, na yeye, kwa huruma au kwa haya au kwa kuchoka, akaweka tindo mfukoni. Hayakuwa mengi, lakini ndani ya kila moja watu walikuwa wakiendelea kulala na kula, na aliiomba ofisi yake ruhusa ya kuyapima upya, ofisi ikamwambia kwamba tume imeshamsafisha, kwamba kurudi huko ni kuwatia watu hofu, na kwamba apumzike. Hakupumzika. Alianza kwenda mwenyewe siku za mapumziko, na Jumapili ya kwanza alipofika mlangoni pa jengo la kwanza, alimkuta yule fundi wa kuchomelea amesimama pale na ngazi begani, maana marehemu alikuwa amerudi bandani kumjibu swali lake na kumtajia majengo yote na siku ya kuanza, na fundi hakusema amekuja kusaidia, alisema amekuja kuhakikisha.

Walizunguka hivyo zaidi ya miaka saba. Hawakuwa marafiki, na naomba tusiwapambe leo kwa kusema walikuwa marafiki, kwa sababu mimi niliwabebea chai mara nyingi na niliona kwamba kila mmoja alikunywa upande wake, yeye akimwita fundi na fundi akimwita mhandisi, na siku ya kumbukumbu ya mpishi fundi hakutokea kabisa, na marehemu hakwenda kazini. Marehemu alisukuma kifaa, fundi alitoboa. Mahali pengine nondo zilikutwa nzima, zina rangi ya buluu kama zilivyotoka kiwandani, wakaziba tundu wakaomba radhi kwa vumbi, na mahali pengine, kama kwenye lile tangi la maji nyuma ya soko, tindo iliingia ikatoka na unga mwekundu mtupu, na tangi likamwagwa maji siku hiyohiyo, huku wenye maduka wakimwita mama huyu mchawi wa majengo. Walishitakiwa kwa kuharibu mali, wakalala mahabusu usiku mmoja, yeye kwa wanawake, fundi kwa wanaume, na asubuhi kaka yangu alipowadhamini wote wawili, walitoka wakaenda moja kwa moja kumalizia tundu lile.

Alistaafu Machi 2019. Kikohozi kilimwanza mwaka uliofuata, tukakifanya mafua, tukakifanya vumbi la barabarani, mpaka madaktari walipompiga picha wakasema mapafu yamejaa makovu, kwamba vumbi la zege la miaka mingi limeganda ndani yake, na kwamba makovu hayo hayana dawa, hupunguzwa makali tu. Alikataa kuacha. Alivaa barakoa, akakaa kwenye kiti chini ya ngazi, akawa anasoma sindano wakati fundi akisukuma kifaa, na aliponyong'onyea kabisa, tarehe 21 Julai mwaka huu wa 2023, tulimlaza hospitalini, wodi ya vifua, ghorofa ya kwanza, kitanda cha karibu na dirisha.

Siku ya pili, akiwa amelala chali na mpira wa hewa puani, alitazama juu, akaniuliza hii ni wodi gani, nilipomwambia akafumba macho, kwa sababu lile dari la zege lililokuwa juu yake alilipima yeye mwenyewe Februari 2012, miaka mitatu na zaidi kabla ya roshani kuanguka, na lilikuwa limepigwa plasta mpya nene, na wagonjwa walikuwa wamelala chini yake wakikohoa, naye aliwahurumia na vumbi, akaandika salama bila kutoboa. Katika orodha yote ya kichwani mwake, hilo lilikuwa limempotea. Aliuomba uongozi wa hospitali wodi ihamishwe kwa siku moja ili patobolewe tundu moja la ukubwa wa kikombe, akajibiwa kwa upole kwamba hakuna pa kuwapeleka wagonjwa, aliomba tena kwa maandishi, akajibiwa kwamba mgonjwa hapaswi kujisumbua, na mara ya tatu daktari wa zamu alidhani dawa zimempanda kichwani akapunguza dozi.

Ndipo Jumatano tarehe 16 Agosti, saa ya kuona wagonjwa, fundi wa kuchomelea aliingia na kifaa ndani ya kikapu cha chakula, juu yake amefunika kitambaa na mkate, akapanda juu ya kabati la dawa, akakisukuma darini, na wagonjwa wote wakainua vichwa. Sindano ilitulia. Fundi alimgeukia, kwa sababu wote wawili walijua vumbi la tundu hilo litaingia kwenye kifua gani kwanza, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nimeshika kikapu. Marehemu aliwaomba wenzake wasogezwe upande wa mlango, wauguzi wawili wakawasogeza bila kuuliza, akatoa mpira puani ili aweze kusema vizuri, akasema:

"Toboa, fundi. Usinihurumie."

Tindo ilikuwa imeingia vidole viwili tu, plasta haijaisha, nondo haijaonekana, walinzi walipofika wakamshusha fundi kwa miguu, wakamtoa nje, na kifaa kikachukuliwa. Marehemu alikohoa usiku ule mzima na siku iliyofuata, na saa zote alizokuwa macho alikuwa analitazama lile tundu ambalo halikufika, na alfajiri ya Jumamosi tarehe 19 Agosti 2023, akiwa ameshikwa mkono na mume wake, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Jumamosi hiyohiyo mchana, tuliporudi kuchukua nguo zake, tundu lilikuwa limezibwa na kupakwa rangi, na kitandani alikuwa amelala mgonjwa mwingine, mama mwenye mtoto mdogo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya vifua kwa uangalizi wao, hasa wale wauguzi wawili waliosogeza vitanda, na tunasikia wameandikiwa barua za kujieleza, tunaomba barua hizo zichanwe. Tunawashukuru majirani waliotuachia uwanja, viti na masufuria, na wenzake wa maabara, ambao wamejaa hapa leo, na ambao kila mmoja wao alirudishwa na marehemu kwenda kutoboa angalau mara moja. Tunamshukuru mganga mkuu wa hospitali kwa kuacha shughuli zake na kukaa nasi mstari wa mbele, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza nitasema pole pole ili nieleweke, kwamba familia haisemi dari lile limeoza, wala marehemu hakusema limeoza, tunasema halijulikani, na ninaposoma hapa kuna watu wamelala chini yake.

Tunamshukuru mume wa mpishi, ambaye hatukumwomba amsamehe marehemu na hatutamwomba. Asubuhi hii, tulipomwuliza kama ana neno la kusomewa mbele ya waombolezaji, alifikiri, akasema wifi aandike hivi:

"Mwambieni mganga mkuu tindo ninayo."

Pumzika kwa amani, wifi.